Kitambaa cha Juu ya Mlango

Mtu mmoja alikuwa na nyumba yenye mlango mmoja, na juu ya mlango huo, upande wa ndani, alitundika kitambaa cheupe kilichotariziwa kwa uzi mwekundu. Kitambaa kilisema: Mlango alioufunga baba, mwana asiufungue. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijani, paliandikwa: Yeremia 53:4.

Naona wengine mmetikisa vichwa kukubali, na mama mmoja pale nyuma amesema amina. Asante, mama. Tuendelee.

Mtu huyo aliitwa Elinihaki. Alikaa juu kule milimani Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, ambako ukungu ukishuka asubuhi humwoni hata ng'ombe wako mwenyewe. Alikuwa mtu wa kanisa. Hapo sikilizeni vizuri, maana ningekuwa nawasimulia habari za mlevi mngesinzia mkisema haiwahusu. Elinihaki hakulewa. Hakuiba. Alikaa benchi la mbele, aliimba besi, na alipovuna, gunia la kwanza lilikwenda madhabahuni kabla hajaonja hata uji wa mavuno yale. Mkewe watu walimwita Mama Mbonea, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baada ya Mbonea alizaliwa binti, Nasemba, na hawakupata mwingine.

Nasemba alipokuwa msichana mkubwa alimpenda kijana mpakia magunia, aliyekuwa akipanda na lori la tangawizi kutoka bondeni. Kijana hakuwa wa kabila lao wala wa kanisa lao, na kwao hakujulikana. Baba akakataa. Binti akang'ang'ania. Siku moja lori lilipoteremka, liliteremka na Nasemba, amekaa juu ya magunia na kifurushi chake mapajani, hakuna posa, hakuna baraka, hakuna hata kwaheri. Elinihaki alikuta kitanda kitupu. Akaenda akasimama kwenye mlango wake, akaubamiza, akawageukia mkewe na mwanawe, akasema yale maneno. Aliyasema kwa hasira, mate yakimtoka. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya mtu aliyeumizwa na mwanawe, na kama angeyaacha hapo yangepoa pamoja na chai ya asubuhi ile.

Ila alijijua. Alijua hasira yake haikai. Alimpenda mno yule mtoto. Akaogopa kwamba wiki ijayo, au mwezi ujao, atalainika, na watu wa benchi la mbele watamwona hana msimamo. Kwa hiyo akaenda sokoni kwa Nakijwa.

Sasa huyu Nakijwa mjue vizuri. Alikuwa mwanamke fundi wa vitambaa. Alikaa kwenye baraza ya duka moja pale sokoni, kitambaa amekibana kwenye duara la mti, sindano mkononi, na kazi yake ilikuwa kutarizi maneno ya kutundika ukutani. Milimani kule hakuna nyumba ya Mkristo isiyo na kitambaa chake. Wengine wanaandika Karibu Mgeni. Wengine wanaandika jina la Bwana. Na Nakijwa alikuwa na desturi yake: hakuna kitambaa kilichotoka mikononi mwake bila kitabu, sura na mstari chini. Kwake yeye mstari ulikuwa kama pindo. Kitambaa kisicho na pindo kinachakaa, na maneno yasiyo na mstari, watu wanayapita tu. Mteja akiujua mstari, anauweka wa mteja. Mteja asipoujua, anaweka wowote unaoenea nafasi iliyobaki. Hajawahi mtu kurudi kulalamika. Na angerudi nani? Wote walikuwa wanatazama. Aliyesoma hakuwapo.

Elinihaki akamtajia maneno. Nakijwa akayaandika kwanza kwa penseli, akayarudia kwa sauti, akauliza:

"Mzee, hili ni andiko gani? Nikuwekee na mstari wake?"

Elinihaki akayatazama maneno yale ya penseli. Hapo ndipo angeweza kusema, fundi, hili si andiko, ni uchungu wangu tu. Maneno machache hayo yangeiponya nyumba yake. Akasema, "Weka."

"Niweke upi?"

"Wewe si ndiye fundi? Weka unaoujua."

Nakijwa akatazama nafasi iliyobaki. Akaona Yeremia linaenea vizuri, tena linasikika kali, linafanana na maneno yenyewe. Akaweka na tarakimu za kujaza. Kitabu hakukifungua. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linaloninyima raha mimi kila nikisimulia habari hii, kwa sababu mwenye nia mbaya tungemkamata.

Kitambaa kikatundikwa. Mama Mbonea alisomewa na mwanawe, akashika kichwa. Aliyasikia maneno yale siku ile ya mlango kubamizwa, akadhani ni hasira ya mumewe. Sasa akayaona yana sura na mstari. Akasema moyoni, kumbe mume wangu alikuwa akinukuu. Kumbe ni Mungu mwenyewe amekataa. Tangu siku hiyo hakumtetea tena binti yake kwa mumewe. Unamtetea nani mbele ya Yeremia?

Miaka ikapita. Elinihaki akaanza kuugua, akawa mtu wa kulala. Na kitanda chake kilielekea mlango. Akiwa amelala hapo alimkumbuka Nasemba. Aliukumbuka uji wake, alivyoukoroga bila madonge. Aliukumbuka wimbo aliokuwa akiimba akifagia uwanja. Siku moja akamwita mkewe, akamwambia, mama Mbonea, tumtume mtu bondeni akamlete huyu mtoto, mimi naondoka. Mama Mbonea akaruka kwa furaha, akaanza kutafuta kanga ya kujitupia. Mzee akainua mkono na macho ili amwonyeshe mahali ilipo fimbo yake, mjumbe aibebe iwe ishara, na macho yakafika kwenye kitambaa. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitikisika. Mkono ukashuka.

"Haiwezekani, mama Mbonea," akasema. "Imeandikwa."

Jamani! Mtu amefungwa na kamba aliyoisokota mwenyewe, na ameshasahau kwamba ni yeye aliyeisokota. Alikufa ameelekeza uso mlangoni. Mkewe ndiye aliyemfumba macho.

Msibani watu walijaa. Mwinjilisti wa mtaa alitafuta neno la kusema, akatupa macho ukutani, akalipata. Akahubiri vizuri sana. Akasema marehemu alikuwa baba mwenye msimamo, na msimamo huo aliutoa kwenye Neno, kama mnavyoona wenyewe hapo juu. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nje wakauliza wenzao, amesema sura ya ngapi? Baada ya msiba Nakijwa alipata kazi hata akachoka vidole. Kitambaa kile kikaingia nyumba hii na ile. Kikateremka mpaka bondeni. Kijana mmoja aligombana na baba yake kwa ajili ya kipande cha shamba, akarudi kuomba radhi, akaonyeshwa ukuta. Mwanamke mmoja alikimbia kipigo kwa mumewe usiku wa mvua, akafika kwa wazazi wake, nao wakamsomea kupitia dirishani. Siijui idadi ya milango. Mungu anaijua.

Mama Mbonea akabaki na mwanawe. Macho yakaingia ukungu wa uzee, miguu ikavimba, akawa mtu wa kukaa kitandani na kupapasa. Alikuwa na ombi moja tu. Asubuhi na jioni alilisema kwa sauti, na Mbonea akiwa anafunga ng'ombe alilisikia: Bwana, usinichukue kabla sijamshika Nasemba. Hakuomba macho. Hakuomba miguu. Aliomba kumshika mtoto wake kwa mikono yake, basi.

Na Mbonea naye msimwone mbaya. Alikuwa mpole kuliko baba yake. Alikuwa mzee wa kanisa, aliogopa kumkosea Mungu, na kila aliposikia ombi la mama yake alitoka nje akaenda kulia kwenye migomba. Alimpenda dada yake. Angempigia magoti kwa furaha kama ingeruhusiwa. Lakini haikuruhusiwa.

Masika moja, mvua ikinyesha na baridi ya kule mnayoijua, Nasemba alikuja. Mumewe alikuwa amekufa kwa ajali ya barabara, na ndugu wa mume walimwambia arudi kwao. Alipanda mlima kwa miguu, mtoto mchanga wa kike mgongoni amefunikwa kwa kanga iliyolowa. Akasimama mbele ya ule mlango, akasema:

"Hodi."

Ndani, mama yake aliisikia. Alikuwa hajaisikia sauti ile miaka mingi, akaijua kabla haijaisha. Kinywa kikafunguka kuitikia. Lakini Mbonea alikuwa amekwisha kufika mlangoni, akaufungua kidogo, kiasi cha uso. Akamwona dada yake. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Dada," akasema, "nakupenda. Si mimi niliyeufunga. Baba kaufunga, na Mungu ameandika."

Nasemba hakubisha. Alisema tu, "Najua, kaka. Nilitaka kumwona mama." Mbonea akatoa blanketi, akalipitisha kwenye ule upenyo, akafunga. Mama yake akauliza kutoka kitandani, ni nani huyo? Akajibu, ni mgeni tu, mama, amepita. Tazameni basi jambo hili. Kwa kuulinda mstari ambao haupo, alimdanganya mama yake, akaivunja amri ambayo ipo. Na akaenda kulala akiamini kwamba siku hiyo amemtii Mungu.

"Mgeni huyo," mama akasema, "ana sauti ya mwanangu."

Nasemba akaenda sokoni kwa Nakijwa, kwa kuwa alikuwa rafiki ya mama yake tangu zamani, na moto ulikuwa unawaka kwake. Nakijwa akampokea, akamvua mtoto nguo za maji, akawapa chai ya tangawizi, akamuuliza, mwanangu, kwenu hawapo? Nasemba akasema wapo. Ila mama, si unajua ilivyoandikwa. Akayataja yale maneno, na sura, na mstari. Alikuwa ameyasikia kule bondeni, kanisani, yakihubiriwa na mtu asiyemjua, mbele ya watu wasiomjua, naye amekaa benchi la nyuma. Aliyapokea kama hukumu yake. Miaka yote ile alikuwa akijihubiria mwenyewe.

Nakijwa akamtazama. Akamtazama na mtoto. Akaitazama sindano yake iliyochomekwa kwenye mto wa kiti. Mungu wangu, akasema. Akasema hivyo mara nyingi, na hakulala.

Asubuhi alikwenda kwa Mbonea. Hakuzunguka. "Mbonea mwanangu, dada yako yuko kwangu, na ule mstari niliuweka mimi. Baba yako alileta maneno, mimi nikaweka mstari. Ulikuwa wa kujaza nafasi tu."

Mbonea akamwambia kwa upole, "Mama, umezeeka. Andiko limo. Mwinjilisti alilihubiri kwenye msiba wa baba, nami nilikuwepo."

"Alilitoa ukutani, mwanangu."

"Mama, usikufuru."

Lakini neno lile lilimkaa kooni, akawaita wazee wa kanisa. Wakaja mchana, wakakaa sebuleni, chini ya kitambaa. Nakijwa akarudia maneno yake akisimama, hakuna aliyempa kiti. Wazee wakamkemea. Wa kwanza akasema, andiko hili nimelisikia tangu utotoni, na huyo alikuwa na mvi kuzidi umri wa kitambaa. Wa pili akasema amelihubiri yeye mwenyewe, tena mara kadhaa, na watu waliokoka. Wa tatu, huyu ndiye msomi wao, akasema huenda halimo katika tafsiri hii ya sasa, ila katika ile ya zamani limo, analikumbuka hata upande wa ukurasa. Wa nne akasema hata kama halimo, ni neno zuri, lingepaswa kuwemo. Mnacheka? Chekeni. Hawa ni watu mnaowajua. Mmoja wao amevaa viatu vyangu.

Na Kitabu kilikuwa pale pale. Kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa kwenye nailoni kisiingie vumbi, na juu ya nailoni wameweka maua ya plastiki. Kilishushwa siku za harusi, mtu akakishika apigwe picha. Kilishushwa watu walipoapishana. Msibani kwa Elinihaki kiliwekwa juu ya jeneza. Kiliheshimiwa kuliko kitu chochote katika nyumba ile, na kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa unyevu wa mlimani. Walibishana hata chai ikapoa, na hakuna aliyenyoosha mkono juu ya kabati.

Ndipo sauti ikatoka chumbani.

"Nisomeeni."

Mzee mmoja akaanza kumweleza kwamba haina haja, mama, jambo lenyewe linajulikana. Mama Mbonea akamkatiza. Hakupandisha sauti.

"Mimi sina macho. Ninyi mnayo. Mbonea, fungua Kitabu, unisomee hapo palipomfungia mwanangu mlango."

Mbonea akapanda kiti. Akashusha Kitabu, akaweka maua pembeni, akafungua nailoni. Alianza kumtafuta Yeremia katika Agano Jipya, naye ni mzee wa kanisa, na wenzake wakatazama dari, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika ya kumsahihisha. Akarudi nyuma mpaka mwanzo. Akapita Zaburi. Akampata. Akaanza kufunua kurasa moja moja, akizibandua kwa ukucha, akizitaja sura kwa sauti ili mama asikie. Hamsini. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hapo akasimama. Akafunua ukurasa mwingine, akaurudisha, akaufunua tena, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua kitu alikiweka humo.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Mama, Yeremia ameisha."

"Ameisha?"

"Ameishia hamsini na mbili."

Nakijwa alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Na baada yake kuna nini?" mama akauliza.

Mbonea akatazama kichwa cha ukurasa ule. "Maombolezo, mama."

"Basi soma hayo," akasema, "maana ndiyo tuliyonayo."

Akasoma. Akasoma habari ya mji uliokuwa umejaa watu, sasa umebaki peke yake, mjane, unalia na hakuna wa kuufariji. Alisoma hata akashindwa kuona herufi. Alipoinua kichwa, wazee walikuwa wameanza kutoka mmoja mmoja, kofia mkononi, na yule msomi aliondoka akisema atakwenda kuitazama ile tafsiri ya zamani. Mbonea akapanda tena kiti, akakivuta kitambaa, misumari ikatoka na udongo. Pale kilipokuwa, ukuta ulikuwa mweupe, kwa kuwa moshi wa miaka yote ile haukupafikia. Akatoka mbio kwenye mvua, bila kofia, kumfuata dada yake kwa Nakijwa.

Natamani niishie hapa. Wengi wangependa niishie hapa, tuimbe, twende nyumbani.

Mbonea alimleta Nasemba. Alimbebea mtoto, akamfunika kwa koti lake, akimweleza njia nzima jinsi Yeremia alivyoisha. Wakafika. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ubao wake umegandamizwa ukutani. Mbonea akaingia, akageuka. Nasemba alikuwa amesimama nje ya kizingiti.

"Ingia, dada."

"Siwezi."

Mbonea akakimbilia mezani, akaleta Kitabu, akakifungua mbele yake pale mlangoni, akamwonyesha kwa kidole. Hamsini na mbili, halafu Maombolezo. Nasemba alijua kusoma vizuri kuliko yeye. Akasoma, akaona, akakubali. Kichwa chake kilikubali. Mguu ulikataa.

"Kaka, kitambaa mmekitoa," akasema. "Mimi lile neno limeshaniingia. Nimelala nalo miaka yote, nimezaa nalo, nimezika nalo. Nikiinua mguu naona kama namkanyaga Mungu."

Akachukua mtoto wake, akaenda kukaa katika jiko la nje, kile kibanda cha udongo ambamo alijifunza kukoroga uji. Akawasha moto. Mbonea akabaki amesimama katikati ya mlango ulio wazi, Kitabu mkononi.

Mama yake alikuwa amesikia yote. Akaomba fimbo ya marehemu. Mbonea akasema, mama, huwezi, utaanguka, kuna matope. Akasema, nipe. Akashuka kitandani, yeye ambaye alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu msimu uliopita. Akapapasa ukuta. Akapapasa mwimo wa mlango. Akaupitisha mguu mmoja juu ya kizingiti, akaupitisha wa pili, akatoka nje kwenye mvua, kichwa wazi. Mbonea alitaka kumshika, akamsukuma mkono. Akaufuata moshi kwa pua. Alipofika kwenye kibanda akasimama pale pasipokuwa na mlango, ni uwazi tu na pazia la gunia, naye ndiye aliyekijenga kibanda kile, akiwa bibi harusi. Akasema:

"Hodi."

Kuni zilikuwa zikitoa mlio.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama," Nasemba akasema.

Akaingia. Akanyoosha mikono, akaushika uso wa binti yake, akayashika mabega yake, akaushika mkono mmoja halafu mwingine, kama anayekagua kwamba hakuna kilichobaki njiani. Akawekewa mjukuu mapajani. Hakurudi tena ndani ya nyumba kubwa. Mbonea alileta godoro, akaleta kitanda, akaomba, akalia, naye akasema nitalala hapa hapa alipo huyu. Wakalala pale karibu na mafiga, wakinuka moshi, mpaka mvua zilipokuwa zikiisha. Asubuhi moja Nasemba alimletea uji, akamkuta amekwisha kwenda, mkono wake umeushika mguu wa mtoto. Ombi lake lilijibiwa. Lakini lilijibiwa nje ya mlango, naye alikuwa na nyumba.

Nasemba aliingia katika nyumba ya baba yake siku ile walipoliingiza jeneza la mama. Alilifuata tu, analia, na hakujua kwamba ameshavuka mpaka alipojikuta sebuleni.

Nakijwa aliiacha sindano. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vitambaa vyake, akisema, wanangu, nirudishieni, nilikosea. Wachache walimpa. Wengi walimkaribisha chai, wakamwambia, mama, usijisumbue, kinaupendeza ukuta wetu. Na nyumbani kwa Mbonea, lile doa jeupe lipo mpaka leo, hajalipaka rangi. Watoto wake, aliowapata baadaye, wakileta wenzao, wanaonyesha kwa kidole, wanasema, pale palikuwa na andiko. Mbonea akisikia anawaita wote, anawakalisha chini, anashusha Kitabu kisicho na nailoni tena, na anaanza nao tangu sura ya kwanza.

Ndugu zangu, nilipoanza niliwatajia Yeremia hamsini na tatu, mkatikisa vichwa, na mmoja wenu akasema amina. Vitabu vyenu vilikuwa mapajani, kama vilivyo sasa. Niambieni basi, na safari hii msiniitikie amina: ni nani kati yenu aliyefungua?